Doa la Kijani Kwenye Injini

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Julai. Kulikucha na manyunyu ya mwezi wa saba, yale yasiyolowesha mtu ila humfanya akunje mabega, na ukungu ukakaa upande wa mtoni hadi karibu saa nne. Mchana jua lilichungulia kidogo, likajuta, likarudi ndani.

Naandika kwa sababu leo pikapu imepanda mlima. Mtu atauliza, pikapu kupanda mlima nayo ni habari? Kwetu ni habari.

Mimi na mume wangu tunakodisha hema na viti. Tunakaa mtaa wa Lucky Summer. Yeye anafanya kazi kiwandani mtaa wa Baba Dogo, na mimi ndiye dereva wa pikapu. Nilijifunza kuendesha ndani yake nikiwa tayari mama wa watoto watatu, na wakati huo wanaume waliokuwa stendi walisimama kuniangalia nikirudi nyuma kama watu wanaosubiri ukuta uanguke. Ukuta haukuanguka. Niliishia darasa la nane, kwa hivyo mambo ya injini nitayaeleza vile nilivyoyaona kwa macho yangu. Nikikosea, fundi atanisamehe.

Pikapu ilianza kutoa moshi mwaka jana, moshi wa rangi ya samawati, ambao fundi alinieleza ni oili inaungua pamoja na petroli. Nikawa nabeba mtungi wa oili nyuma ya kiti, vile mama hubeba chupa ya maziwa ya mtoto. Watoto wa mtaani wakinisikia nakuja wanatoka mbio.

"Mathe! Jiko imeshika! Leta mahindi tuchome!"

Nilicheka nao, maana kwa moshi ule mahindi kweli yangeiva.

Lakini harusi ya mwezi wa tano sikuicheka. Viti vyangu huvivika vitambaa vyeupe, ninavifua mwenyewe na kuvipiga pasi. Siku hiyo vilifika vikinuka moshi. Mama ya bwana harusi alichukua kimoja, akakisogeza puani, akakirudisha polepole juu ya kiti. "Dada," akasema, "viti ni visafi, lakini wageni wangu wataenda nyumbani wakinuka gereji." Alisema ukweli, na alisema kwa upole. Hajanipigia simu tena, na mimi katika nafasi yake nisingepiga. Jioni hiyohiyo, mlima wa kutoka mtoni kuja kwetu ulitushinda. Vijana wa kanisa waliokuwa wamekaa juu ya viti wakashuka wakasukuma, wakiimba, na mimi ndani nikikanyaga mafuta na kuomba Mungu.

Ndipo tukaenda kwa fundi. Ni mtu wa makamo, tunasali naye kanisa moja, na gereji yake ni uwanja wa wazi kando ya barabara pale Baba Dogo wenye kivuli cha mabati. Aliwasha injini, akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukilaza juu ya mdomo wa kutilia oili. Kikaanza kucheza kama kifuniko cha sufuria ya githeri inayochemka.

"Mmeona?" akasema. "Ringi za pistoni zimelika. Ile nguvu inayotakiwa kusukuma gari inapita kando na kurudi huku chini. Sasa mko na njia mbili. Tuifungue hii tuifanye upya, ama mtafute injini imetoka Japani tutoe hii tuweke hiyo. Zote ni njia. Nikiwachagulia mtasema natafuta kazi."

Maneno hayo yalinifanya nimwamini, na pia yaliniachia mzigo.

Nyumbani mume wangu alikuwa ameshaamua. Nitaandika hoja zake vile alivyozisema, kwa sababu zilikuwa na uzito. Alisema injini ya kutoka Japani inawekwa kwa siku mbili, na hii yetu itakaa gereji wiki mbili au zaidi, na harusi za Agosti zinakuja. Alisema mwenzake wa kiwandani alibadilisha, na huu ni mwaka wa tatu hajarudi kwa fundi.

"Na tena, mama watoto, ile imefungwa na mashine kiwandani. Hii itafungwa na mtu ambaye pengine amelala vibaya."

"Lakini hii naijua," nikasema.

"Unaijua nini?"

"Naijua tu."

Hata mimi nilisikia vile jibu hilo lilivyokuwa jepesi. Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa ya njia moja. Tukikosea hakuna ya kujaribu nyingine, na bila pikapu viti vingebaki vimepangwa sebuleni mpaka tuviuze. Viti hivyo ndivyo vimesomesha watoto.

"Wewe ndiye dereva," akasema mwishowe. "Utakachoamua nitakibeba. Lakini ukikosea nitakukumbusha mpaka uzeeni."

Tulicheka.

Tukaenda kuona injini za kuuzwa. Muuzaji alitupokea vizuri, "karibu mama, karibu baba, kastama wangu," akatuonyesha moja ya aina yetu iliyowekwa juu ya tairi kuukuu. Betri ilikuwa kando, na petroli kwenye chupa iliyotundikwa msumarini. Akagusanisha nyaya. Injini ikashika mara moja, ikaimba, na hakuna moshi. Uso wa mume wangu ulifunguka kama dirisha. Ilipozimwa niliweka kiganja ubavuni mwake. Ilikuwa imewashwa kwa muda mfupi tu, lakini joto nililolisikia lilikuwa la sufuria iliyokaa jikoni.

"Hii imewashwa tena leo?"

"Eeh, kuna kastama amekuja asubuhi akaisikiliza."

"Tunaweza kuja kesho kabla hujaiwasha?"

Alinitazama, akamtazama mume wangu kama mtu anayemwonea huruma. "Mathe, wewe ni mgumu kuliko hii injini."

Injini mbovu huficha moshi wake ikishapata joto. Yetu yenyewe ndiyo iliyonifundisha, maana kila asubuhi ilikuwa ikiwaka kwa wingu, na kufika saa tano ina adabu. Lakini njiani mume wangu hakufurahi. "Umemwita mtu mwongo mbele ya watu wake."

"Sijamwita. Nimeomba tu ilale."

Kesho yake tulifika mapema, kwenye manyunyu, na injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Muuzaji akagusanisha nyaya. Ikakohoa mara moja, ikatoa moshi mdogo kama wa mtu anayevuta sigara, kisha ikatulia safi. Lazima niandike hivi: ilikuwa injini nzuri. Nilikuwa nimekwenda kuitafutia kasoro, sikuipata, na kastama wa asubuhi huenda alikuwako kweli. Nilimwomba yule muuzaji msamaha.

"Hakuna noma, mathe."

"Na ndani iko aje?"

"Ndani hata mimi sijui. Imekuja na meli, haikuja na hadithi yake. Si hata ndoa ni hivyo? Ama huyu mzee ulimfungua kwanza ukaangalia?"

Mume wangu alicheka mpaka akapangusa macho. Nilicheka pia, na kwa kweli kama ningemfungua kwanza sijui kama ningeolewa. Lakini jibu lile lilinikaa kichwani. Hii hatuwezi kuifungua mpaka tuinunue. Ile yetu tunaweza.

"Tufungue yetu kwanza," nikamwambia mume wangu. "Tuone kilichomo, halafu ndio tuamue."

"Na hii ikiuzwa?"

"Ikiuzwa itakuwa ya aliyeinunua."

Muuzaji alisema hawezi kuishika bila kuachiwa kitu, na hakuwa anatutisha, maana kabla ya wiki kuisha ilikuwa imechukuliwa. Kwa hivyo nilipoondoka pale nilikuwa nimeachilia kitu kizuri nilichokiona kwa ajili ya kitu nisichokijua. Sikulala vizuri.

Sasa, huku kwetu ukimpelekea fundi injini afungue, unakaa nayo. Unachukua mtungi wa rangi au jiwe, unakalia, na unakaa mpaka jioni, kwa sababu kila mtu ana hadithi ya pistoni iliyoingia gereji ikiwa nzima ikatoka ya mtu mwingine. Hiyo ndiyo desturi. Lakini huyu ni mtu tunayekaa naye benchi moja kanisani. Kumkalia ni kumwita mwizi, na kutomkalia ni ujinga. Nikafikiria sana, kisha nikaenda na gunia la vitambaa vya viti vilivyokuwa vimefumuka, na sindano, nikakaa kando ya injini nikishona.

Alifungua nati ya kwanza, ya pili, akanitazama. "Mama, hapa unashona ama unalinda?"

"Nashona," nikasema. "Macho ndiyo yanalinda."

Akacheka sana. "Basi ukimaliza hivyo, kuna ovaroli yangu imeraruka." Nikamshonea pia.

Kichwa cha injini kilipotoka, akaniita. Mashimo manne ya silinda yalikuwa wazi, meusi, yakinuka moshi wangu wa mwaka mzima. "Usiniamini mimi," akasema. "Weka kidole. Pitisha ukucha juu mpaka chini."

Nikapitisha. Tatu zilikuwa laini, ila juu kabisa palikuwa na kijimdomo mahali ringi hugeuka kurudi. Ya nne ilikuwa na mikwaruzo, na ukucha wangu ulinasa vile hunasa kwenye uzi uliofumuka.

"Hiyo ndiyo inakula oili."

"Imekufa?"

"Imechoka. Kufa ni kitu kingine." Akaleta kipimo chake, akapima kila shimo mara mbili. "Hii haijawahi kuchongwa tangu itengenezwe. Iko na nyama, chuma chake bado ni kinene. Tunaichonga kidogo, tunaweka pistoni kubwa kidogo na ringi mpya, na siku nyingine ikichoka bado itakuwa na nyama ya kuchonga." Akanionyesha na ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni. Uling'aa, na ukucha haukunasa popote.

Nilimpigia mume wangu wakati wa chakula cha mchana. Nilimweleza yote: tatu nzuri, moja imekwaruzika, mhimili mzima, nyama bado iko. Kisha nikamkumbusha na yanayonipinga, kwa sababu ilikuwa haki ayasikie tena: itachukua muda, na ni kazi ya mikono ya mtu. Nilisikia mashine za kiwanda zikinguruma nyuma yake.

"Sasa unaijua kweli," akasema. "Fanya."

Bloku, kile chuma kikubwa chenye mashimo ya silinda, ilibidi ipelekwe kwa mchongaji mwenye mashine. Kabla haijatoka nikachukua mkebe wangu wa rangi ya kijani. Viti vyangu vyote vina doa la kijani chini, kwa sababu kwenye mazishi makubwa huja viti vya wakodishaji watatu au wanne, na jioni vyote ni vyeupe na vyote ni vya plastiki. Nikaweka doa kwenye bloku.

"Mama," fundi akasema, "injini si kiti."

"Hata kiti kila mtu husema hakiwezi kupotea."

Tuliipeleka kwa mkokoteni, mimi nikitembea kando na leso imeifunika isipate manyunyu. Watu wakasimama kuangalia. Mwanamke mmoja anayeuza maembe akaniuliza, "Mathe, ni nani ameenda?"

"Hajaenda," nikasema. "Anapelekwa hospitali."

Kule kwa mchongaji hawaruhusu mtu kukaa ndani karibu na mashine, kwa hivyo huko sikulinda. Siku ya kuchukua, nilikuta bloku mbili zimekaa bega kwa bega, aina moja, zimeoshwa kwa mafuta ya taa, zinang'aa kama vyombo vya harusi. Mchongaji akaweka mkono juu ya moja. "Yako hii."

Nikainama kutafuta doa langu. Hakuna. Nikatazama ile nyingine, hakuna. Nilikuwa nimepaka rangi ya viti juu ya chuma chenye grisi, na hata anayepaka ukuta anajua kufuta kwanza. Mafuta ya taa yalikuwa yameondoka na doa lote. Mchongaji alikuwa anangoja, wabebaji wanangoja, na mimi sikuwa na hakika ya kitu. Nilikaribia sana kusema asante nikachukua niliyopewa. Mtu wa darasa la nane atamwambia nini mtu wa mashine?

Lakini sindano yangu ilikuwa kwenye kola ya nguo, mahali hukaa siku zote. Doa nilikuwa nimelipaka karibu na tundu la boliti. Nikaingiza sindano kwenye lile tundu la ile niliyopewa, nikakwangua. Ikatoka na grisi nyeusi tu. Nikaenda kwa ile nyingine, nikakwangua tundu lilelile. Ikatoka na kipande cha kijani, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

"Yangu ni hii," nikasema, na sauti yangu haikutetemeka, jambo ambalo bado linanishangaza.

Mchongaji alichukua kile kipande kwenye kidole, akakitazama kwenye mwanga. Kisha akaleta kipimo, akapima zote mbili, akalinganisha na saizi aliyoagizwa na fundi wetu. Akavua kofia. "Ni kweli, mama. Hii nyingine mwenyewe anakuja kesho. Ungechukua ile, ningekosana na watu wawili."

Huyu si mwizi, na sitaki mtu asome hapa afikirie hivyo. Yeye alikuwa ameziandika kwa chaki, na chaki yake ilioshwa na mafuta yaleyale yaliyoosha rangi yangu. Tulikosea sawasawa. Nilipomsimulia fundi, aliinua uso kutoka kwa kazi yake akasema, "Kesho leta huo mkebe wa rangi. Lakini ufute grisi kwanza." Bloku na vipande vyote vilivyobaki vikapata doa, pamoja na spana zake mbili alizoniomba mwenyewe.

Injini ilifungwa ikakamilika Alhamisi. Fundi akaiwasha, akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza akakilaza. Kikatulia pale kama sahani juu ya meza. Fundi alinipa ishara nikae kwenye usukani niisikilize mwenyewe, akageuka akaenda kunawa mikono.

Leo tulikuwa na harusi mtaa wa Jericho. Fundi alikuwa ametuonya tusiilazimishe mpaka vipande vizoeane, kwa hivyo tulibeba nusu nusu, tukaenda mara mbili. Nilipokuwa navika viti, shangazi ya bibi harusi alikuja, akashika kitambaa, akakisogeza puani. Nikasimama na kitambaa kingine mkononi.

"Hii ni sabuni gani?" akauliza. "Inanukia vizuri."

Nikamtajia sabuni. Sikumwambia lingine. Angejuaje?

Jioni, tukirudi na nusu ya kwanza, tukafika chini ya mlima. Mume wangu alikuwa ametoa kichwa dirishani akiangalia nyuma. Nikaweka gia ndogo, nikakanyaga kidogo tu, na pikapu ikapanda. Polepole, lakini bila kusita na bila mtu kushuka. Watoto walikuwa pale juu wamekaa kwenye ukuta.

"Mathe, jiko imezimika?"

"Imezimika! Mahindi chomeni kwenu!"

Mume wangu akarudisha kichwa ndani. Tukafika mlangoni.

"Nilikuwa nimejitayarisha kukukumbusha mpaka uzeeni," akasema.

"Uzee haujafika, ngoja."

"Nitangoja. Lakini moshi sijauona."

Sijui kama nilichagua sawa. Ile injini nyingine iko mahali inafanya kazi, na natumaini mwenyewe hana shida nayo, maana ilikuwa nzuri. Pengine yake itadumu kuliko yetu, na pengine mume wangu ndiye alikuwa na haki tangu mwanzo. Najua tu kwamba niliweka kidole ndani kabla ya kuamua, na kwamba iliyopanda mlima leo ni ileile niliyojifunzia, ikiwa na rangi yangu ubavuni. Nilipoizima baada ya safari ya pili nilikaa kidogo ndani peke yangu. Nilikuwa najivuna, na sikutaka kushuka nikiwa na uso ule.

Tulikula ugali, kunde zilizopikwa kwa maziwa, na omena ya kukaanga na nyanya. Mume wangu aliongeza mara mbili, na cha chini ya sufuria wakakigombania watoto.